UZI: Miaka sita zamu ya usiku kwenye kituo cha vijana waliowafanyia wenzao ukatili wa kingono

Mlinzi wa Korido (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Mimi humu ni msomaji wa kimyakimya siku zote, ila juzi kuna mada ilinikera mpaka nikakosa usingizi, ile ya kijana wa miaka 14 aliyemfanyia mdogo wake mambo mabaya. Ukipitia maoni yote unakuta kambi mbili tu, kambi ya "anyongwe" na kambi ya "utoto huo, ataacha mwenyewe". Nimefanya kazi miaka sita kama mlezi wa usiku kwenye kituo cha bweni kinachopokea vijana wa hivyo, wa miaka 12 hadi 17, na nilichokiona ni kwamba kambi zote mbili zimepotea, na zinavyopotea kuna watoto wengine wanaumia.

Sitaji kituo wala nchi, na kila mtoto nitakayemsimulia nimemchanganya na wenzake hata mama yake mzazi asimjue. Na sielezi nani alimfanya nini nani. Aliyekuja kutafuta hayo apite tu, uzi sio wake.

Tuanze na jina. Kule kazini ukimuita mtoto wa miaka 13 "mbakaji" unaitwa ofisini. Inasemwa kijana mwenye mwenendo wa kingono wenye madhara. Ndio, refu kama treni, na mimi wiki ya kwanza nililicheka nikaona ni maneno ya semina. Lakini kaa na mtoto ambaye tangu akamatwe kila mtu mzima anamuita kwa kosa lake, utaona anavyoitika. Kuna mmoja alikuja, tukamuuliza jina lake, akajibu "si mnalo kwenye faili". Alitumia siku tisa kutujibu jina lake.

Sasa kazi ya usiku. Kila kijana na chumba chake, hakuna kulala wawili, hilo halina mjadala. Juu ya kila mlango kuna kengele ndogo, mlango ukifunguka inalia ti-ti kwenye meza yangu mwisho wa korido. Nina daftari, napita kila robo saa naandika muda na nilichokiona, ila natakiwa nivurugevuruge hizo dakika, 12, 17, 14, kwa sababu wale watoto wanahesabu. Nyie mnadhani wamelala, wamelala wapi, wanahesabu hatua zako.

Kulikuwa na mmoja wa miaka 13, yeye kila usiku anafungua mlango mara tatu nne. Ti-ti. Nafika, yuko kitandani, anasema hamna kitu. Ti-ti tena. Kwenye ripoti nikawa naandika "anajaribu mipaka", ndio lugha tuliyofundishwa. Imeenda mwezi na nusu hivi ndipo mshauri wake akaniambia, huyo anafungua mlango ili asikie ile kengele, anataka kuhakikisha kuna mtu mzima yuko macho. Yeye mwenyewe kabla hajamuumiza mtu alishaumizwa, usiku, nyumba ina watu na wote wamelala. Tukakubaliana awe anagonga ukuta mara mbili na mimi nagonga mara mbili kurudisha. Mlango ukatulia. Nilienda nikasoma ripoti zangu za nyuma nikaona aibu.

Msinielewe vibaya, sio kila aliyeumiza aliumizwa. Walioumizwa wengi mno hawaji kumgusa mtu maisha yao yote na ni dhambi kuwatazama kwa jicho hilo. Ila kwenye hawa vijana, historia ya kufanyiwa utakutana nayo zaidi kuliko kwa vijana wa makosa mengine. Pamoja na kupigwa nyumbani, kukuta picha za ngono kwenye simu wakiwa wadogo sana, kutokuwa na rafiki hata mmoja wa rika lao, wengine uzito wa kuelewa mambo au usonji ambao haukuwahi kutambuliwa. Hakuna sura moja. Ningependa iwepo maana kazi ingekuwa rahisi.

Nitaendelea, zamu inaanza (sasa hivi nafanya kazi nyingine, ila bado ni ya usiku, sijui nina laana gani).

Zege Halilali

Mkuu nimesoma mpaka mwisho na nimekasirika zaidi. Wewe unamgongea ukuta, aliyefanyiwa nani anamgongea ukuta? Mtoto aliyeharibiwa anapewa panadol na kuambiwa asahau, aliyeharibu anapewa chumba cha peke yake, mshauri, mlezi wa usiku na daftari. Mimi nasema waandikwe wote kwenye orodha, picha zao zijulikane, mtaa ujue nani anaishi wapi. Hayo mengine ni siasa.

Mlinzi wa Korido

Zege hapo kwenye aliyefanyiwa umenishika pabaya na sina jibu zuri. Ni kweli. Nimeshaona mama analia kwenye lango letu kwamba mwanae mkubwa aliyekosa ana wataalamu watatu na binti yake aliyekosewa yuko kwenye foleni ya kumwona mmoja. Hiyo ni aibu na sitaitetea.

Ila la orodha limeshajaribiwa, sio nadharia. Marekani sheria yao ya mwaka 2006 inayoitwa Adam Walsh Act ilitaka hata vijana wa kuanzia miaka 14 kwa makosa makubwa waingie kwenye rejista. Watafiti, akiwemo Elizabeth Letourneau ambaye ameifuatilia hii ishu miaka mingi, hawakukuta kwamba vijana walioandikishwa wanarudia kosa kidogo kuliko wasioandikishwa. Alichokuta, kwenye utafiti wa 2018, walioandikishwa walikuwa na uwezekano mara nne zaidi wa kusema wamejaribu kujiua siku za karibuni. Yani unamwondolea shule, marafiki, kazi ya baadae, vitu vyote ambavyo vingemshika asianguke tena, halafu unakaa pembeni unasubiri abadilike.

Dada Ustawi

Habari zenu. Mimi ni afisa ustawi, nipo upande wa pili wa hili dawati, ndio tunaoamua nani aende bweni nani abaki. Mlinzi unasimulia vizuri kaka yangu ila nina ugomvi na wewe, watu watakusoma watadhani dawa ni bweni. Wengi wa hawa watoto HAWATAKIWI kuja kwenu kabisa.

Ngoja nieleze kwa ukubwa wake kwanza maana watu wanadhani ni vioja vya mmoja mmoja. David Finkelhor na wenzake walichambua kumbukumbu za polisi za Marekani za 2004, wakakuta kati ya wote waliojulikana na polisi kwa makosa ya kingono dhidi ya watoto, 35.6% walikuwa wenyewe chini ya miaka 18. Zaidi ya theluthi! Na mmoja kati ya wanane wa hao alikuwa hajafika hata 12. Wanaowafuata watoto wadogo, idadi inapanda sana kwenye umri wa 12 hadi 14, yani pale balehe inapoanza na akili haijafika. Sasa ukisema wote wafungwe, jenga mabweni mpaka mwezini.

Kitu cha pili, sio kila kinachoonekana ni kilekile. Kuna mwalimu mmoja wa Uingereza, Simon Hackett, mwaka 2010 alipanga ngazi tano, kutoka tabia ya kawaida ya umri, kwenda isiyofaa mahali pake, kwenda yenye matatizo, kwenda ya unyanyasaji, mwisho ya kikatili. Nimeshaletewa mtoto wa miaka 6 na mwalimu analia kabisa "mbakaji huyu", kumbe walikuwa wanaonyeshana chooni wa rika moja, wanacheka, hakuna aliyelazimishwa. Huyo anahitaji mtu mzima mtulivu dakika kumi. Na nimeletewa wa miaka 15 wazazi wanasema "michezo tu" na nikisoma maelezo mikono inatetemeka. Tunachotazama ni tofauti ya umri, tofauti ya nguvu, kama kulikuwa na vitisho au hongo au siri, kama alishakatazwa akaendelea. Hayo ndio yanaamua, sio mzazi anavyopiga kelele.

Bweni ni la wachache. Ambaye hatari yake kwa wengine ni kubwa na nyumbani hapawezi kulindwa, au aliyefanyiwa yuko nyumba hiyohiyo na hakuna ndugu wa kumchukua, au kijana mwenyewe yuko kwenye hali ya kujidhuru. Waliobaki wanatibiwa wakiwa wanaenda shule zao. Kuna jaribio la Charles Borduin na wenzake, la 2009, vijana 48, nusu wakapewa tiba inayoingia nyumbani, mtaalamu anakaa na wazazi, shule, marafiki, nusu huduma ya kawaida. Wakafuatiliwa karibu miaka tisa. Waliokamatwa tena kwa kosa la kingono, 8% kwa wa nyumbani, 46% kwa wale wengine. Ni wachache waliohusishwa ndio, lakini pengo hilo huwezi kulipita kama hujaliona.

Kipenga

Hizo asilimia zenu ni za waliokamatwa. Tujiulize wangapi wamerudia hawakukamatwa. Mimi mhasibu bwana, nikiona namba inanukia naisema.

Dada Ustawi

Uko sahihi Kipenga na hakuna anayebisha, kesi nyingi haziripotiwi. Ila huo upungufu unawahusu makundi yote mawili kwenye jaribio moja, kwa hiyo tofauti kati yao bado ina maana. Halafu kuna mkusanyo wa Michael Caldwell wa 2016, tafiti 106, vijana zaidi ya 33,000, waliorudia kosa la kingono kwa wastani wa miaka mitano hivi ni chini ya 5%. Ukichukua tafiti za kuanzia 2000 peke yake inashuka 2.75%. Hata ukiizidisha mara tatu kwa hasira zako za kihasibu haifiki pale watu wanapodhani. Watu wanadhani ni 80, 90. Kwamba akishaonja basi. Hii "akishaonja" ndio imani ambayo imeharibu watoto wengi kuliko hata mabweni mabovu.

Zege Halilali

Chini ya 5% inatosha kama ni mwanangu.

Dada Ustawi

Inatosha, ndugu yangu. Ndio maana tunafanya kazi.

Mlinzi wa Korido

Nimerudi. Dada Ustawi nakubali ugomvi wako. Hata pale kwetu, nikikumbuka sura zao, theluthi nzima hawakuwa na sababu ya kuwepo ila hapakuwa na shangazi wa kuwachukua. Na kuwakusanya pamoja kuna hasara yake. Thomas Dishion na wenzake waliandika 1999 kwamba ukiwaweka vijana wenye matatizo kwenye kundi moja wanaweza kufundishana, mmoja anasimulia wengine wanacheka, kicheko ndio malipo, kesho anasimulia zaidi. Nimekiona hicho kicheko. Kwenye kundi likiwa na mtaalamu mzembe dakika ishirini zinatosha kuharibu kazi ya mwezi.

Nieleze sasa matibabu yenyewe maana watu wanadhani ni kukaa unaambiwa "acha".

Wiki za kwanza ni tathmini. Sio kosa tu, ni maisha mazima, analala saa ngapi, anakula, anasoma kusoma kabisa au anaigiza, nani alikuwa anamlea, nani alikuwa anamtisha. Kuna fomu za kupima hatari zilizotengenezwa kwa ajili ya vijana, hazifanani na za watu wazima, na tuliambiwa zina muda kama maziwa, hatari ya kijana ya Januari sio ya Agosti, kwa hiyo inapimwa upya. Ukikuta kituo kinatembea na tathmini ya miaka miwili nyuma, jua hapo kuna uvivu.

Baada ya hapo vikao vya peke yake, vikao vya kundi dogo, na vya familia. Kinachofundishwa asilimia kubwa wala hakihusu ngono. Kutambua hasira kabla haijafika mikononi. Kuomba kitu ukanyimwa na usivunje kitu. Kuelewa ridhaa ni nini, na kwamba mtoto mdogo hana uwezo wa kuitoa hata akicheka, hata akinyamaza. Kupata rafiki wa rika lako. Nilishuhudia kijana mrefu kunizidi akifanyishwa zoezi la kumwambia mwenzake "naweza kukaa hapa?" na anatoka jasho.

Zamani haikuwa hivyo. Miaka ya 80 mpaka 90 programu nyingi ziliinakili tiba ya watu wazima zikaipunguza miguu kama suruali. Kijana anakalishwa mbele ya kundi akiri kila kitu kwa undani, asipokiri "yuko kwenye ukanaji" hapandi daraja, wengine wakafungwa mashine ya kupima uongo. Mtoto wa miaka 14! Watoto wakajifunza kutunga makosa ili watoke. ATSA, chama cha kimataifa cha wataalamu wa eneo hili, kwenye mwongozo wake wa vijana wa 2017 kimeshauri hizo mashine zisitumike kwa chini ya miaka 18. Pale kwetu mashine haikuwepo ila ukimya wa adhabu ulikuwepo kipindi fulani, kijana haongeleshwi siku nzima. Nilishiriki. Naandika hapa kwa sababu uzi bila hili ungekuwa wa kujipamba.

Mama wa Wanne

Samahanini. Nimefungua akaunti leo kwa ajili hii.

Mimi ni huyo mama wa kwenye lango, sio yule wa kwako Mlinzi lakini ni yeye. Nina watoto wanne. Mkubwa ana 15, yuko kituo miezi kumi na moja sasa. Aliyefanyiwa naye ni wa tatu, binti, ana 8. Watu wanasema chagua mtoto. Ndugu wa mume walikaa kikao wakasema nimtoe huyo kwenye hesabu. Sasa nachaguaje mimi, nikimtembelea mmoja nahisi namsaliti mwingine, nikibaki nyumbani hivyohivyo. Simu ya Jumapili napokea nikiwa bafuni maji yakiwa yanatiririka ili binti asisikie sauti yake.

Wameniambia tuanze kuongelea kurudi. Nikaitika ndio ndio, nikatoka nje miguu haina nguvu. Anarudije? Nani amewahi kuona anarudi na nyumba ikasimama?

Dada Ustawi

Mama pole sana. Vuta pumzi kwanza. Huchagui mtoto, anayekwambia uchague hajakaa kwenye kiti chako.

Nikuambie mpangilio unavyotakiwa uwe, na wasipoufuata una haki ya kugoma. Anayeamua kasi ni binti, kupitia mshauri WAKE, sio mshauri wa kaka yake na wala sio kalenda ya kituo. Kama binti hana mshauri wake basi kurudi hakujaanza hata kuongelewa, waambie hivyohivyo. Kijana ataandika barua ya kukiri, sio kuomba msamaha ile ya "nisamehe nimechoka kukaa huku", ni ya kusema nilifanya mimi, hukukosea wewe, ulikuwa sahihi kusema. Hiyo barua haitumwi. Inakaa kwa wataalamu mpaka binti akitaka, na asipotaka maisha yake yote inabaki hapo na ni sawa. Kisha kikao kimoja kifupi mahali pasipo nyumbani. Kisha labda cha pili. Kutembelea mchana na watu wazima wawili. Kulala nyumbani ni mwisho kabisa na familia nyingine haifiki huko, kijana anaenda kukaa kwa mjomba au bibi anabaki kuwa mtoto wako vilevile.

Na tafadhali, mtu yeyote, bibi, shangazi, kiongozi wa dini, asimwambie binti "msamehe kaka yako familia iungane". Hiyo sentensi nimeiona ikifunga mdomo wa mtoto miaka ishirini.

Mlinzi wa Korido

Mama mimi niongeze ya nyumbani maana ndio tuliyokuwa tunawaandikia kwenye mpango wa usalama. Andikeni, bandikeni ndani ya kabati sio ukutani wageni wasome. Hakai peke yake na mdogo yeyote, hata dakika tano za kwenda dukani, sio kwa kuwa humwamini, ila hata yeye analindwa asije kusingiziwa. Hapewi kazi ya kulea, kuogesha, kuvalisha. Chumba chake mbali na cha wadogo, na kengele ya mlango, zile ndogo za betri zipo. Bafuni mmoja mmoja. Simu inalala chumbani kwako. Michezo ya kubebana na kukumbatiana kwenye blanketi imeisha. Na mtu mmoja nje ya familia, mwalimu au kocha, ajue na awe anaulizwa.

Wengi walioteleza ninaowakumbuka mimi, hawakuteleza kituoni. Kituoni kuna daftari na kengele. Waliteleza mwezi wa tatu nyumbani, pale mama amechoka kulinda na kila mtu amejisemea "amepona". Vituo vinavyomtoa kijana Ijumaa na faili linafungwa Jumatatu vinapoteza hela bure. Waulize nani atakuja nyumbani kwako baada ya hapo na mara ngapi kwa mwezi. Wakijiumauma, hajawa tayari kutoka, au wao hawajawa tayari kumtoa.

Aliyetoka

Nimesita siku mbili kuandika. Mimi niliwahi kuwa ndani. Niliingia na 15 nikatoka na 17, sasa nina 31. Sikuwahi kurudia. Sisemi ili mnipongeze, mtu hapongezwi kwa hilo.

Mlinzi, zamu zenu za usiku. Ile tochi. Mnaiwasha usoni. Nyinyi mnaona kifua kinapanda kinashuka mnaandika "amelala", sisi wengine tochi usoni usiku ilikuwa ndio mwanzo wa mambo yaliyotupata. Kuna mlezi mmoja tu alikuwa anaielekeza sakafuni mwanga unapanda kidogo kwa ukuta. Sijui jina lake la pili mpaka leo. Ningemjua ningemtafuta.

Kituo cha kwanza nilichopelekwa walikuwa wanatulaza chini kifudifudi ukibishana, watu wazima watatu juu ya mgongo, wanaita kudhibiti. Nilikaa miezi minne sikujifunza kitu zaidi ya kunyamaza. Cha pili ndio kulikuwa na matibabu. Barua anayoisema Dada niliiandika mara kumi na moja. Ya kwanza ilikuwa na neno "mimi" mara nyingi mno, mshauri akazungushia duara kila "mimi" kwa kalamu akanirudishia, hakusema kitu. Ya saba nililia kwa mara ya kwanza kwa ajili ya yule mtoto na sio kwa ajili yangu. Ya kumi na moja ilikuwa na mistari sita.

Haijawahi kusomwa. Alikataa. Nilikasirika mwanzoni, nikiwa na 17 nilidhani ananidai kitu nimeshalipa. Sasa hivi nina mtoto wa kike mwenye miaka 4 na naelewa kwa nini alikataa.

Mlinzi wa Korido

Ya tochi nimeisoma mara nne. Mimi nilikuwa wa usoni. Ndivyo nilivyoelekezwa siku ya kwanza, "hakikisha unaona sura", na sikuuliza. Pole kaka. Sina lingine la kuandika hapo.

Kipenga

Aliyetoka asante. Swali la kijinga, mtu anajuaje kituo ni cha "kwanza" au cha "pili" kabla hajampeleka mtoto?

Dada Ustawi

Sio la kijinga hata kidogo. Juni 2024 kamati ya fedha ya Seneti ya Marekani ilitoa ripoti ya uchunguzi kuhusu vituo vya bweni vya watoto vya makampuni makubwa, wakaviita maghala ya kutelekeza, ndani kuna kudhibitiwa kwa nguvu, unyanyasaji, wafanyakazi wasiofundishwa. Hizo ni nchi zenye wakaguzi na kamera. Kwa hiyo jengo zuri na bustani visikudanganye.

Mimi nauliza hivi nikifika. Familia inashiriki vikao mara ngapi, na kama ni mbali inakuwaje. Mara ya mwisho kumshika mtoto kwa nguvu ilikuwa lini na nani alijulishwa. Anaweza kupiga simu nje bila mtu kumsikiliza akiwa na malalamiko? Shule anasoma darasa gani, mtihani unatambulika? Nani anatoa matibabu, ni mtaalamu au ni mlezi aliyepewa kitabu. Lini alipimwa hatari upya. Na siku ya kwanza kabisa wanaongelea atatokaje? Wakikasirika kuulizwa, geuza gari. Na wakikuahidi "atapona asilimia mia", geuza gari haraka zaidi.

Zege Halilali

Sijabadilika sana ila nimeacha kuandika nilichokuwa nataka kuandika. Aliyetoka, sijui nikwambie nini. Nilikuwa mtoto wa upande ule mwingine. Baki salama.

Aliyetoka

Zege. Asante kwa kuandika hata hivyo.

Mama wa Wanne

Nimerudi, zimepita wiki tatu. Nilifanya mlivyosema, niligoma, nikasema bila mshauri wa binti hakuna kikao. Walinuna ila wakampata, anakuja mara moja kwa wiki. Mama mtu mzima wa makamo, anakaa naye chini sakafuni wanachora.

Jana binti mwenyewe kamwambia kwamba yuko tayari kumwona kaka, mara moja, ila ana masharti. Isiwe nyumbani. Mbwa awepo. Na kaka asivae lile shati jekundu.

Mimi hata sikukumbuka kama ana shati jekundu. Nilienda nikalitafuta kwenye sanduku lake nikalikuta, nikalitoa. Mshauri kaandika masharti yote matatu kwenye karatasi, binti akasaini kwa herufi kubwa, nakala moja ikaenda kituoni. Tunasubiri wajibu kuhusu mbwa.